Sinia Dogo la Dobrila

Valjevo, 10 Desemba

Dada yangu Zagorka,

Pokea salamu za mdogo wako, ambaye hajakuandikia tangu wajukuu wako walipokuwa wakitambaa. Vipi afya yako? Vipi goti la kushoto, na vipi ile presha? Nilisikia kwamba mwezi wa Oktoba ulilazwa siku tatu hapo Šabac. Nikashika simu nikupigie, kisha nikairudisha, maana mara ya mwisho uliposikia sauti yangu ulikata hata kabla sijamaliza kukuamkia. Mimi ni mzima kwa kadiri mzee wa miaka sitini na tisa anavyoweza kuwa mzima. Mgongo unauma asubuhi, mchana unasahau, na meno niliyobakiwa nayo yanatosha kwa kazi iliyopo.

Usishtuke kwa kuona mwandiko wangu juu ya bahasha. Hakuna aliyekufa. Habari niliyonayo ni njema, tena kwako ni njema kuliko kwangu, ila njia ya kuifikia ina matope na matope yenyewe ni yangu. Nakuomba jambo moja tu, uisome barua hii mpaka mwisho. Ukitaka kuichana, ichane baada ya kufika kwenye jina langu.

Tangu tulipomzika Dobrila mwezi wa Aprili, Uroš wangu amekuwa akinisemesha kwa ile sauti ya kumsemesha mgonjwa. Mwezi uliopita alikuja akaniambia, baba, mwaka huu slava, siku ya mtakatifu wa nyumba yetu, tuifanyie kwangu Belgrade, usijitese. Eti keki za mfungo siku hizi zinaagizwa dukani, zinaletwa mlangoni ndani ya boksi, kazi yako ni kukata utepe. Nikamwambia mshumaa wa Mtakatifu Nikola umewashwa katika nyumba hii tangu babu yetu alipoiezeka, na mimi nikiwa hai hauhami kwenda ghorofa ya sita kukaa jirani na lifti. Akauliza, haya, na nani atapika? Nikasema mimi. Alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kile ndicho kilichonitia jikoni.

Ugumu wa slava yetu unaujua. Wenye Mtakatifu Georgi wao, mwezi wa Mei, wanachinja mwanakondoo na kumimina maziwa na siagi wapendavyo. Sisi wetu yuko tarehe kumi na tisa Desemba, katikati ya mfungo wa Krismasi, na wageni wote hao wanapaswa kushiba bila nyama, bila yai, bila tone la maziwa. Samaki ataleta Uroš. Maharage nayajua tangu jeshini. Keki ndizo zilizoninyima usingizi, kwa sababu keki za mfungo hushikiliwa na majarini, na mimi na majarini hatujawahi kuwa marafiki. Nilipakiwa majarini kwenye mkate wa kantini ya karakana kwa miaka ishirini na mbili. Nikiiona bado naiita sabuni.

Basi Jumanne ya wiki iliyopita nikaamua kufanya majaribio. Nilitoa daftari la Dobrila, lile lenye jalada la kijani na madoa ya mafuta kila ukurasa, nikavaa miwani, nikaanza na zile kaki nyembamba za kupanga tabaka juu ya tabaka, ulizokuwa ukizipenda. Nikachemsha sukari na maji, nikatia chokoleti, nikatia jozi za kusaga kutoka mti wetu wa uani, nikatia majarini vipande viwili kama alivyoandika. Nikapaka, nikapanga, nikafunika kwa ubao na juu ya ubao nikaweka sanduku langu la spana ili zishikane vizuri. Daftari linasema kitu kizito. Hakuna kitu kizito zaidi ya hicho katika nyumba yangu.

Hilo lilikuwa sinia kubwa, la wageni. Kisha nikafanya sinia dogo, na sinia dogo nililifanya kwa siagi.

Najua hapo umekunja uso. Kunja, una haki. Nilifikiri hata nikuandikie bila kulitaja, lakini barua hii bila sinia lile haina miguu. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Shemeji Tihomir, Mungu amrehemu, alikuwa na wiki tano kaburini. Ulikuwa umejifunga siku arobaini kwa ajili ya roho yake, chakula cha kuchemsha kwa maji tu, bila mafuta, na siku ya slava ukajiruhusu mafuta kidogo na kipande kimoja cha keki kwa heshima ya nyumba ya baba yako. Na kipande hicho, ukaja kusikia, kilitoka katika sinia dogo ambalo Dobrila alikuwa akilipika kando kwa siagi kila mwaka, katikati ya mfungo, chini ya picha ya mtakatifu. Ulichukua koti lako mbele ya wageni kumi na wanne. Tangu siku hiyo hujavuka kizingiti changu. Kwenye maziko ya Dobrila ulikuja, nikakuona, ukasimama nyuma kabisa, ukawasha mshumaa, ukaondoka kabla ya chakula cha marehemu. Nilishukuru hata kwa hilo.

Sasa utaniuliza, mpumbavu wewe, baada ya yote hayo umepika tena kwa siagi? Nimepika, dada. Nilikwenda sokoni, nikanunua kwa yuleyule mama wa milimani anayefunga siagi yake kwa karatasi ya nta. Sikuwa nimekusudia kumpa mtu yeyote. Nilitaka siku ya slava kuwe na kitu kimoja kama alivyokuwa akikiacha yeye, kwenye rafu ya stoo, kimefunikwa kwa kitambaa, kinaningoja. Mtu akifiwa hushika hata kisichoshikika.

Na haikufanikiwa. Siagi nilipoitia ilijitenga, mafuta juu, jozi chini, nikakoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Nikapaka hivyohivyo, nikakandamiza, nikangoja saa mbili, nikakata kipande nikatia mdomoni. Siagi ilikuwa siagi, siwezi kumsingizia yule mama. Lakini haikuwa ile. Ilikuwa nzito, inang'ang'ania kwenye kaakaa, haina lile jambo ambalo ya Dobrila ilikuwa nalo na ambalo miaka thelathini na tisa niliamini kwamba ndiyo siagi, na kwamba mimi nikifungwa macho naitambua. Nilikaa kwenye stuli ya jikoni nikalia. Sikulilia keki.

Katika hali hiyo akaingia Krunija. Unamkumbuka Krunija wa ng'ambo ya uzio, shoga yake Dobrila, yule asiyebisha hodi kwa kuwa anasema mlango usiomtaka mtu utajifunga wenyewe. Alikuwa ameniletea mkate wa maboga. Aliniona uso umelowa, akajifanya hakuuona, akasema Radisav, jiko lako linanuka kama kiwanda, nini hiki, na kabla hajagusa akauliza wanaloliuliza wote siku hizi: ya mfungo? Nikamwambia lile kubwa ndiyo, hili dogo usiguse, hili langu, la siagi, kama alivyokuwa akinipikia marehemu. Nikamwambia na siagi za siku hizi si siagi tena, ng'ombe wanalishwa nini sijui, maana ladha imepotea.

Krunija aliniangalia. Akaangalia sinia. Akavuta kiti, akakaa, na mwili wote ukaanza kutikisika, nikadhani anaumwa. Alikuwa anacheka. Alicheka akajifuta macho kwa aproni, akaanza tena. Mwisho akasema, siagi? Dobrila? Mwezi wa Desemba? Wee Radisav, mwanamke yule Jumatano na Ijumaa hakuwa akilamba hata kijiko cha mtindi, ndiye atie siagi kwenye slava?

Nikamwambia asinitanie, sinia lenyewe nilikuwa nalila kwa macho yangu. Akasema kwa macho ndiyo, kwa sababu ulimi huna. Ndipo akanieleza, na nakueleza kama alivyonieleza. Hapakuwa na sinia la siagi. Hapakuwa nalo mwaka wa kwanza wala mwaka wa mwisho. Dobrila alikuwa akipika chungu kimoja, majarini tupu, anapaka kaki zote, kisha anakata kipande cha pembeni anakiweka katika sinia dogo. Juu yake ananyunyiza chumvi kidogo sana na jozi alizozikaanga kavu, anakiweka dirishani usiku kucha kipate baridi. Basi. Hiyo ndiyo siagi niliyokuwa nikiitambua nimefungwa macho.

Nikauliza, na siagi yenyewe iliyokuwa ikinunuliwa kila mwaka ilikwenda wapi? Krunija akasema ilikuwa inaruka uzio. Ilikaa kwenye friza lake mpaka mfungo uishe, na asubuhi ya Krismasi ilirudi nyumbani kwangu ndani ya mkate wa sikukuu. Ndiyo ule mkate ambao kila mwaka uliusifu ukasema umetulia, akaniambia, sasa ungeachaje kutulia na siagi ya watu wawili ndani yake?

Dada, nilikasirika. Lazima nikwambie ukweli, kwa dakika tano nzima nilimkasirikia marehemu. Kuchezewa miaka thelathini na tisa na mke wako mwenyewe na jirani yako si jambo dogo. Nikasema kumbe nilikuwa kichekesho cha mtaa. Krunija akaacha kucheka. Akasema hapana, mtaa haukujua, nilijua mimi tu, na nilimuuliza zamani kwa nini unamfanyia mumeo hivi. Dobrila akamjibu kwamba hakuolewa ili amtie mtu dhambini kwa mkono wake mwenyewe, tena siku ya mtakatifu wake. Akasema akitaka ladha ya siagi, ladha nitampa. Siagi yenyewe atangoja kama wenzake.

Hapo hasira ikaniisha, na mahali pake sijui kiliingia nini. Nilianza kucheka mimi. Tulicheka wote wawili kama wehu, na Krunija akala vipande vitatu kutoka sinia kubwa akasema kwa mwanamume si vibaya, ila jozi nikaange. Sinia la siagi amelimaliza mbwa wake, ambaye hana mfungo.

Lakini kuna jambo Krunija alilisema katikati ya maneno hayo na mimi nimeliruka. Nimeliruka makusudi, kwa woga, na nilikuwa nimefika karibu na kukuandikia salamu za mwisho na kuifunga barua. Nimeinuka, nimekunywa maji, nimerudi mezani. Nitalisema.

Kwanza nikuambie kwamba Jumapili nilikwenda kwa Padri Gojko. Nilimngoja wanawake watoke, nikamwambia nina kitu. Nilianza na kile chepesi, kwamba Jumanne nilionja siagi. Alijikuna ndevu muda mrefu. Akasema, nikuelewe vizuri, Radisav, miaka thelathini na tisa umejihesabu kuwa mla siagi na hukuila, na Jumanne hii ulipopata akili ya kupika mwenyewe ndipo ukaila kweli? Nikasema ndiyo hivyo. Akageuka kuangalia ukuta, na mabega yake yalikuwa yanacheza. Kisha akageuka tena akasema haya, hicho kimekwisha, sasa sema kilichokuleta. Yule mtu hadanganyiki.

Nilimwambia, na sasa nakuambia wewe.

Dobrila hakuwa akichukia majarini. Aliyechukia majarini ni mimi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu nilikataa kula keki za slava yangu mwenyewe. Nikamwambia bibi harusi wa miezi mitatu kwamba sitalishwa sabuni nyumbani kwangu, na kwamba atanipikia sinia langu kando, kwa siagi, apende asipende. Siagi niliinunua mimi. Kila mwaka niliinunua mimi, nikaiweka mkononi mwake. Na siku ile, dada, kipande ulichokula sikukiweka kwenye sahani yako kwa bahati mbaya. Sahani ya wageni ilikuwa tupu, Dobrila alikuwa jikoni anamimina kahawa, na mimi nilikuwa nimeshakunywa glasi zangu tatu za rakija, ile pombe kali ya matunda, na sikutaka kumngoja. Nikaingia stoo, nikakata kutoka sinia langu, nikakuletea. Nilijua uko kwenye siku arobaini za Tihomir. Nilijua na nikaleta, nikajiambia moyoni hatajua, kipande kidogo, Mungu hana muda wa kuchungulia sahani za watu.

Kisha nikajisifu. Nikamwambia kumu wangu, yule aliyesimamia ndoa yetu, kwa sauti ya mtu aliyekunywa, ale kipande kama cha Zagorka, hicho ndicho chenye siagi. Ukasikia. Ukaniuliza taratibu, na utaratibu wako ndio ulionitisha, Radisav, umenilisha nini? Padri alikuwa ameshika uma hewani. Mimi mwenye nyumba, siku ya mtakatifu wangu, nikasema muulize Dobrila. Nikasema mpishi ni yeye, majarini haimpandi, mimi nakula ninachopewa.

Alikuwa amesimama mlangoni na trei ya kahawa. Unakumbuka alichofanya. Aliiweka trei chini, akajifuta mikono ambayo haikuwa imelowa, akakwambia, nisamehe, wifi.

Nilidhani alikuomba msamaha kwa kuwa aliogopa. Au kwa kuwa kweli alikuwa amepika siagi, ingawa kwa amri yangu. Miaka kumi na mmoja nilijifariji hivyo, kwamba ni uongo nusu, kwamba mkono uliopika ulikuwa wake. Sasa najua kwamba alikuwa amesimama pale na jibu mdomoni. Neno moja tu, kwamba ni majarini, na wewe ungekaa chini ukamaliza kahawa yako. Krunija alimuuliza kesho yake kwa nini hakulisema. Dobrila akasema ningelisemaje? Ningesema hakuna siagi, ningemvua nguo mwenye nyumba mbele ya padri na makumu, siku yake ya mwaka. Akasema Zagorka atapoa, nitamweleza tukiwa wawili.

Hukupoa. Alikuja Šabac mara mbili, kumbe. Mimi aliniambia anakwenda kwa daktari wa meno. Mara zote mbili mlango haukufunguliwa, na sikulaumu hata kidogo, ungemfunguliaje mtu ambaye mdogo wako mwenyewe amekwambia ndiye aliyekulisha siagi kwenye mfungo wa maiti? Krunija alimshauri aandike. Akakataa. Akasema nikiandika ataniuliza, kama hapakuwa na siagi, mbona Radisav alisema ipo? Nami nitamjibu nini?

Na wewe ulisema kwa watu, nani asiyesema akiumizwa. Wanawake wa kanisani wakaacha kumwita. Dobrila, ambaye hakuna chakula cha marehemu katika mtaa huu kilichopikwa bila mkono wake, walimwachia kuosha sufuria, kisha hata sufuria wakaacha kumpa. Mimi niliona. Nilimwona Jumamosi za kumbukumbu akikaa nyumbani na aproni safi. Nilimwuliza mara moja kama inamuuma, akasema amepata muda wa maua yake. Nikakubali jibu hilo, kwa kuwa lilinifaa.

Hiyo ndiyo dhambi yangu. Si siagi. Siagi ningeimeza hadharani na kunywea maji.

Sasa sikiliza, dada, maana ni kwa hili nimekuandikia, na lisome mara mbili. Kipande kile kilikuwa cha majarini. Hapakuwa na siagi kwenye sahani yako, hapakuwa na maziwa, hapakuwa na chochote. Siku arobaini za Tihomir ulizifunga zote, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na hakuna aliyeziharibu, si mimi niliyejaribu, wala Dobrila uliyemdhania. Najua umezibeba. Mwanao alimwambia Uroš kwamba mwaka uliofuata ulizirudia zote arobaini, na uliofuata tena, na kwamba kila Novemba unafunga upya kama mtu anayelipa asichodaiwa. Acha, dada. Zilifika mara ya kwanza. Dobrila alizilinda bila hata kukwambia.

Padri aliponisikia hadi mwisho sikuona tena mabega yake yakicheza. Nilingoja anipe kusujudu, anipe mishumaa, anikataze komunyo. Aliniuliza tu uongo ule walisikia watu wangapi. Nikasema kumi na wanne, wewe ukiwemo, baba. Akasema basi ukweli nao hauwezi kunong'onwa pembeni ya nguzo, walioalikwa kwenye uongo waalikwe na kwenye ukweli. Akasema kabla ya kukata mkate wa slava atanyamaza, na mimi nitajua ni zamu yangu. Kisha akasema kuna mmoja asiyepaswa kungoja hadi tarehe kumi na tisa, nenda nyumbani ukamwandikie. Nilitoka pale mwepesi, siwezi kukueleza. Nilipita dukani nikanunua majarini vipande sita, na muuzaji akaniuliza kama nimebadili dini.

Imenichukua siku tatu kuimaliza barua hii, na nimepika mara mbili katikati. Ya jana nilikaanga jozi, nikanyunyiza ile chumvi. Dada, ilikuwa ile. Nimesimama jikoni nikala vipande vinne bila aibu, mfungo mtupu, na nilifurahi vibaya sana. Ni kitu kizuri, majarini, mkono ukiwa mzuri. Niliyasema haya kwa sauti, kwa kuwa nilikuwa nadaiwa kuyasema, ingawa aliyestahili kuyasikia hakuwepo.

Uroš nimemwambia kwa simu. Akasema slava ibaki Valjevo, na kwamba atakuja siku moja kabla kunisaidia kubeba viti. Hakusema zaidi, wala mimi sikumsukuma. Atahitaji muda wake na mimi, Dobrila ni mama yake.

Nawasalimu wanao na wajukuu wote, hasa mdogo, ambaye sijui hata jina lake na nimeona haya kuuliza kwa watu. Krunija anakusalimu, anasema goti upake mafuta ya kafuri na uache kupanda ngazi za soko. Mpelekee Tihomir salamu zangu kaburini, mwambie nitakuja mwenyewe kumwomba radhi theluji ikiyeyuka.

Kuhusu tarehe kumi na tisa, sikualiki. Slava haina mwaliko, tulifundishwa hivyo na mama, anayekumbuka huja, na anayealikwa si mgeni wa mtakatifu bali wa mwenye nyumba. Nakujulisha tu utaratibu. Padri Gojko atafika saa nne asubuhi. Basi la kutoka Šabac huingia saa nne na dakika ishirini, na kutoka kituoni mpaka kwangu, kwa goti hilo, ni robo saa. Nimemwomba padri, kabla ya kukata mkate, awe na pupa kidogo na maharage yangu ili muda upite, akanikubalia, na mimi sitafungua mdomo kabla ya saa tano.

Mdogo wako anayekuomba msamaha, na safari hii mwenye kosa ndiye anayeuomba,

Radisav